Nyumba ni ya ufukweni, bahari ndiyo haikuwepo: siku sita Morogoro–Jambiani

Tumerudi Jumamosi usiku kutoka Jambiani, Zanzibar, na mpaka leo mchanga unatoka kwenye mabegi. Haya ninayoandika nimeyaokota sehemu mbili: kwenye daftari langu la matumizi, ambalo Baba watoto hulicheka mpaka siku hesabu inapogoma, na kwenye picha za simu. Picha za simu zina jambo moja ambalo sikuwahi kulitilia maanani kabla ya safari hii. Zinatunza saa.

Kabla ya safari: mwisho wa Mei 2025

Chanzo cha yote ni Mama mkwe wangu, ambaye humu nitamwita Bibi kama wanavyomwita wanangu. Amelima Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, maisha yake yote. Bahari aliijua kwa redio tu, pale mtangazaji anaposoma utabiri wa hali ya hewa na kuwaonya wavuvi juu ya mawimbi. Baba watoto akasema likizo hii ya Juni mama yake lazima aione, tena aione akiwa amekaa kitini mlangoni, siyo kuichungulia kwenye dirisha la daladala pale Kivukoni.

Hoteli tuliitoa mapema. Sisi ni watu watano, yaani vyumba viwili au vitatu, na kila mlo ni bili. Isitoshe Bibi hali chakula ambacho hamjui aliyekipika. Tukasema tutafute nyumba nzima, yenye jiko, iliyo ufukweni kabisa. Kigamboni tuliiacha kwa sababu wikiendi muziki unashindana na mawimbi. Ushongo kule Pangani palinivutia kwa utulivu, lakini kutoka Morogoro ni kubadilisha magari mpaka usahau ulikotoka, na goti la Bibi halina mkataba huo. Zanzibar ilishinda kwa hesabu rahisi: treni, boti, gari moja, umefika.

Nyumba ya kwanza niliipata kupitia namba ya dalali aliyonitumia rafiki. Vyumba vitatu, sebule yenye sofa za bluu, 90,000 kwa usiku nyumba nzima. Nilishaanza kuwaza tutabeba mashuka mangapi. Dalali akataka nusu leo leo kwa simu, maana "kuna Wazungu wanaivizia". Hapo ndipo moyo ukanidunda. Nikachukua picha ya sebule, nikaiingiza kwenye utafutaji wa picha mtandaoni, na sofa zile zile za bluu zikatokea kwenye nyumba iliyopo Watamu, Kenya. Nikamwomba tupige simu ya video anionyeshe nyumba. Akasema kamera ya simu yake imeharibika. Simu hiyo hiyo ilikuwa imenitumia picha kumi na nne.

Basi nikahamia kwenye moja ya tovuti kubwa za kukodi nyumba kwa siku. Humo nako kuna mtego wake, ingawa ni wa halali: bei unayoiona mwanzo siyo utakayolipa. Nyumba niliyoipenda, Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, iliandikwa dola 65 kwa usiku. Usiku nne ni 260. Nilipofika kwenye ukurasa wa malipo ikaongezeka dola 20 ya usafi na 39 ya ada ya tovuti, ikawa 319. Benki yangu ikakata karibu shilingi 845,000. Kwa hiyo kabla hujafurahi, nenda mpaka hatua ya mwisho uone jumla, halafu gawanya kwa idadi ya usiku. Na kadi ya benki ifunguliwe kwa malipo ya mtandaoni mapema. Mimi nilikwama siku nzima kwa sababu kadi yangu ilikuwa inakubali ATM tu, ikabidi nipange foleni tawini.

Nilichagua nyumba inayoruhusu kughairi bila kukatwa mpaka siku tano kabla. Kuna mwenyeji mwingine alinishusha bei endapo ningemlipa pembeni, nje ya tovuti. Huyo nilimwaga. Inawezekana kabisa alikuwa mtu mwema, lakini pesa ikishatoka nje ya tovuti, hata mkigombana hakuna wa kumshtakia.

Kwa hii ya Jambiani nilijiona mjanja kupindukia. Nilisoma maoni ya wageni yote. Niliuliza kuhusu vyandarua, gesi, tangi la maji, umbali wa duka. Nikapiga simu ya video baada ya kazi, Jumatano tarehe 28 Mei, saa kumi na moja kasoro jioni, nikamwambia mwenyeji atembee na simu kutoka kitandani mpaka kwenye maji bila kuikata. Akatembea, nami nikairekodi. Mlango, baraza, mchanga, na hatua ya kumi na mbili maji yakamlamba miguu. Nililipa usiku ule ule.

Niliangalia pia picha ya setilaiti. Mbele ya nyumba, baharini, palikuwa na mistari mistari ya mraba, kama majaruba ya mpunga yanavyoonekana ukiwa mlimani. Nikadhani ni nyavu. Sikuuliza.

Siku ya 1, Jumatatu 23 Juni: Morogoro – Dar – Unguja Mjini

Bajaji mpaka stesheni ya SGR, ile treni ya umeme, Kihonda, kungali giza. Nauli ya SGR ya kawaida ilikuwa 13,000 mtu mzima, watoto nusu, kwa hiyo sote 52,000. Tikiti nilikata mtandaoni. Beba vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia, maana hapa na kwenye boti umri wa mtoto ndio unaoamua nauli. Bibi alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka Ngerengere, halafu akalala. Mkubwa wetu, miaka 11, alikuwa anapima mwendo kwa simu ya baba yake na kututangazia kila ulipopanda.

Dar tulipita tu. Bandarini, upande wa boti za Zanzibar, hata hujashuka kwenye bajaji watu wanaanza kukuvutia tikiti. Nenda dirishani mwenyewe. Boti ya saa sita na nusu tulilipa 125,000 kwa sote watano, daraja la kawaida, bei ya Watanzania. Iliondoka saa saba na dakika kumi. Hakuna aliyetueleza kwa nini.

Juni ni majira ya kusi, upepo wa kutoka kusini. Boti ilipoacha visiwa vya Bongoyo na Mbudya nyuma ikaanza kucheza, na wahudumu wakapita wakigawa mifuko ya plastiki kimya kimya, kama watu wanaogawa vipeperushi vya mazishi. Mdogo alikuwa wa kwanza. Bibi alikuwa anatoka jasho jembamba juu ya mdomo. Mama mmoja wa Kizanzibari mwenye buibui, aliyekuwa kiti cha nyuma yetu, akainuka bila kuulizwa, akamhamishia Bibi kwenye kiti chake katikati ya boti, akamkatia ndimu akamwambia ainuse na atazame mbali, asitazame chini. Akamshika mkono karibu saa nzima. Nilipotaka kumpa hela ya soda pale Malindi, bandari ya Unguja Mjini, alikasirika kidogo. "Mamaako ni mamaangu, hebu." Akapotea kwenye umati.

Nje ya geti la bandari wapo papasi, vijana wanaovizia wageni. Mmoja aliponisikia nataja Jambiani akaniambia nyumba yetu imejaa, kapigiwa simu sasa hivi, anayo nyingine nzuri zaidi. Nikamuuliza inaitwaje hiyo nyumba yetu iliyojaa. Akacheka, nami nikacheka, akatubebea begi mpaka barabarani bure.

Tulilala gesti ya Malindi, vyumba viwili kwa 45,000 kila kimoja pamoja na chai ya asubuhi. Ningeweza kulazimisha kufika Jambiani siku hiyo, lakini magari ya abiria ya shamba, yaani ya vijijini, hupungua jioni, na kufika nyumba usiyoijua usiku, ukiwa na mgonjwa wa bahari, ni kutafuta ugomvi na mumeo. Jioni tukala urojo. Bibi alipewa bakuli lake, akachungulia bajia, viazi na kachori zilizozama kwenye ule uji wa njano wenye embe, akauliza huu ni uji au ni mboga. Akamaliza. Akaongeza.

Siku ya 2, Jumanne 24 Juni: Mjini – Jambiani

Gari la Jambiani ni namba 309. Nauli ilikuwa 3,000, mdogo akapakatwa, mizigo 3,000, jumla 15,000. Dereva wa teksi alitutajia dola 40. Baba watoto, ambaye husoma kila tangazo la serikali, akamkumbusha kwamba tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Dereva akasema, "Haya bwana, lete laki." Tukapanda 309.

Gari lilibeba watu, mikate, ndoo za rangi na mlango mmoja wa mbao. Tunguu, Bungi, halafu msitu wa Jozani, ambako dereva alipunguza mwendo na kima punju wawili wakavuka kwa raha zao, migongo myekundu, bila kututazama. Paje ukakata kulia. Konda alishuka na sisi kutuonyesha kichochoro, akarudi mbio kulikimbilia gari lake.

Saa nne na dakika saba. Najua kwa sababu nimepiga picha. Tulipita kati ya kuta mbili za mawe ya matumbawe, tukatokea mbele ya nyumba. Nyumba ni ile ile. Baraza, viti viwili vya kamba, paa la makuti, mchanga mweupe kama unga wa sembe. Mbele ya mchanga hapakuwa na kitu. Yaani palikuwa na uwanja. Tope jepesi la kijivu, madimbwi, majani, ngalawa zimelalia ubavu, na mbali huko, mbali kweli, mstari mweupe mwembamba wa mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba.

Watoto walinyamaza. Bibi akaweka kikapu chini.

"Bahari tuliyopita jana ilikuwa nyingi," akasema. "Hii yenu wameipeleka wapi?"

Nilihisi damu imenipanda masikioni. Nilijua nimeingizwa mjini, tena kwa dola. Nikamgeukia msimamizi wa nyumba, kijana mpole aliyekuja na funguo, nikamwonyesha ile video ya mwezi jana. Akaitazama mpaka mwisho kwa adabu zote. "Dada, hii imepigwa alasiri, siku za bamvua, zile ambazo maji hujaa sana na hupwa sana. Maji yamejaa. Saa hizi yamekupwa. Yanarudi, usiwe na wasiwasi. Saa tisa utayaona." Akaturuhusu tuweke mizigo ingawa saa ya kuingia ilikuwa saa nane mchana, akatuchemshia chai.

Kwa hiyo hakuna aliyenidanganya. Nilipiga simu siku moja baada ya mwezi kuandama, jioni, kwa kuwa ndio muda ninaotoka kazini. Ningepiga saa nne asubuhi ile ile ningeona uwanja huu.

Yalirudi kweli. Nilikaa barazani kuyangoja kama mtu anayengoja mdaiwa. Hayaji kwa wimbi. Kwanza vile vifereji kwenye mchanga vilianza kung'aa. Halafu dimbwi lililokuwa peke yake likaunganika na jirani yake. Kaa wadogo wakahama. Ngalawa iliyolala ikatikisika, ikasimama wima yenyewe, ikageuka taratibu ikitafuta upepo. Saa tisa na nusu maji yalikuwa rangi ile ya kwenye picha, na saa kumi nilihesabu tena: hatua kumi na mbili. Watoto walikuwa wameshaingia na nguo. Bibi akachovya kidole, akaonja, akatema. "Ni chumvi kweli. Nilidhani wanasema tu."

Kwa wanaotafuta nyumba pande hizi, hili ndilo la kuandika ukutani. Pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani, Paje, Bwejuu na jirani zake, ina eneo pana lenye kina kifupi kati ya ufukwe na mwamba. Maji yakipwa wakati wa bamvua unaweza kutembea kilomita nzima na magoti yakabaki makavu. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kina kiko karibu na ufukwe, unaogelea karibu muda wote, ila bei na kelele vinapanda pamoja. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa alfajiri na alasiri, hupwa saa tatu mpaka tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayaendi mbali. Kabla hujalipia, mwombe mwenyeji video mbili za siku moja, asubuhi na alasiri. Kwenye maoni ya wageni usitafute neno "bahari", tafuta "kupwa".

Siku ya 3, Jumatano 25 Juni: kwenye majaruba

Niliamka nimuandalie Bibi uji, kitanda chake kitupu. Saa tatu asubuhi maji yameshaondoka. Baba watoto alizunguka nyumba mara mbili akiita. Mimi ndiye niliyemwona kwanza, kitenge chake cha kijani, katikati ya bahari, ameinama.

Tulimfuata, mimi na mdogo. Vaeni viatu. Sisi tulikwenda pekupeku, na kule kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi ambao hawana utani. Njiani maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu kama ya kuoshea vyombo. Na ile mistari ya setilaiti ikaanza kuonekana: vigingi vimepigwa mchangani, kamba zimevutwa kati yake, na kwenye kila kamba mafungu ya mwani yamefungwa kwa nafasi ya kama kiganja. Wanawake saba au wanane walikuwa wamekaa kwenye maji, wanaongea, wanafunga. Bibi alikuwa wa tisa.

"Ni majaruba," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimekataa. "Ona, wana mipaka. Yule pale ni wake, huyu ni wake. Wanapanda, wanapalilia majani mabaya, wanavuna. Wanatofautiana na sisi kumwagilia tu."

Mwenye kamba alizokuwa anasaidia ni mama wa umri wake, macho mekundu kwa chumvi. Kilimo hiki kilianza huku mwishoni mwa miaka ya 1980, akasema yeye alikuwa ndiyo kwanza ameolewa. Skuli za wanawe wote zimelipwa na mwani. Bei akasema ni ya kuudhi, kilo ya mwani mkavu haifiki hata nauli yetu ya 309, na jua likizidi maji yanapata moto, mwani unaoza mkononi. Bibi akaguna. Akamwambia habari ya maharage ya Matombo na mnunuzi anayekuja na mizani yake mwenyewe. Wakatazamana, wakacheka kicheko ambacho mimi na mshahara wangu wa mwisho wa mwezi hatukualikwa.

Wakaondoka maji yalipofika kiunoni mwao walivyokaa. Hakuna aliyetazama saa.

Jioni gesi ikaisha, wali ukiwa nusu. Kwenye tangazo la nyumba imeandikwa "gesi ipo", na sikuuliza ipo kiasi gani. Msimamizi akachukua mtungi kwa baiskeli, akarudi nao mtupu: duka limefungwa, watu wameenda kuswali Magharibi. Kabla sijaanza kununa, yule mama wa mwani akatokea uani na seredani kichwani, makaa yameshashika, na sufuria ya pweza wa nazi juu ya mkono. Nani alimwambia, sijui. Tulikula pweza na wali mgumu mgumu, na mdogo akaomba kwamba gesi isinunuliwe tena.

Ukifika nyumba ya aina hii, siku ya kwanza inua mtungi wa gesi uusikie uzito, washa kila taa, fungua kila bomba, piga picha ufa au kikombe kilichovunjika, umtumie mwenyeji kwa kupitia tovuti. Nilifanya picha, mtungi sikuinua.

Siku ya 4, Alhamisi 26 Juni: upepo

Usiku kucha kusi lilipiga makuti. Asubuhi mchanga ulikuwa mpaka kwenye bakuli la sukari, na ufukwe umejaa mwani uliokatika, ukianza kunuka jua lilipopanda. Miezi hii ndiyo ya vijana wa kuruka na miavuli pale Paje, wao upepo ndio wanaoulipia. Sisi tulikaa ndani mpaka saa saba.

Mchana tulipanda ngalawa mpaka karibu na mwamba, 60,000 kwa familia, miwani ya maji imo. Nahodha alikataa kutupeleka asubuhi ingawa nilikuwa na hela mkononi. "Maji hayajakubali," akasema, na ndio ulikuwa mwisho wa mjadala. Watoto waliona samaki wa milia ya njano. Baba watoto aliona ndani ya ngalawa tu, kichwa chini.

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa nne. Pampu haifanyi kazi bila umeme, lakini tangi la juu lilitutosha. Hili niliuliza kabla ya kulipa, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilijiona sijapoteza muda.

Siku ya 5, Ijumaa 27 Juni: uwanja

Hii ndiyo siku niliyoipenda, na haina gharama hata moja daftarini isipokuwa mkate wa kumimina.

Saa tano asubuhi, maji yamekupwa hasa, vijana wa kijiji walitoka na vijiti vinne wakavichomeka kwenye sakafu ya bahari. Magoli. Mkubwa wetu alisimama barazani akijifanya hatazami. Wakamwita. Alicheza kipa kwa sababu mgeni siku zote ni kipa. Walisimamisha mpira kwenda kuoga kwa ajili ya swala, wakarudi mchana wamebadilisha, wakaendelea pale pale, matokeo yamekumbukwa. Kufikia saa tisa maji yalikuwa yameingia kona ya kusini, kwa hiyo wakawa wanashambulia upande mmoja tu. Halafu goli moja likazama nusu. Mpira ukaelea. Mmoja akapiga filimbi kwa vidole, mechi imekwisha, sare ya nne kwa nne, na wote wakaogelea kutoka uwanjani.

Jambiani ni kijiji, kirefu kimefuata ufukwe kilomita kadhaa, na misikiti, na watu wanaishi. Nguo za kuogelea ziishie kwenye mchanga. Ukiingia ndani ya kijiji funga kanga, hasa siku kama ya Ijumaa. Hakuna atakayekugombeza, ndiyo maana inafaa ujiongeze mwenyewe.

Siku ya 6, Jumamosi 28 Juni: kurudi

Tuliaga usiku, maana 309 la alfajiri halingoji. Yule mama wa mwani alikuja gizani kumpa Bibi fungu la mwani mkavu kwenye mfuko wa khaki, Bibi akampa kitenge cha kijani. Mjini tulinunua halua Darajani, boti ikaondoka kwa wakati, bahari shwari kiasi, Bibi akakaa dirishani bila ndimu. Dar foleni, joto, treni ya jioni, nyumbani.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu, sote watano: treni kwenda na kurudi 104,000, boti 250,000, gesti 90,000, magari ya Jambiani 30,000, nyumba 845,000, chakula chote 210,000, ngalawa 60,000, bajaji za hapa na pale 30,000. Jumla 1,619,000. Nyumba peke yake imekula zaidi ya nusu, na bado kwa hesabu yangu hoteli ingetuzidi.

Kwenye maoni ya nyumba nimewapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa gesi, siyo kwa bahari. Nimewaandikia waweke picha ya saa nne asubuhi, na mwenyeji amejibu kwamba akiiweka hatapata mgeni.

Jana Baba watoto alifungua ile nyumba tena, akaangalia Desemba. Tarehe 20 ilikuwa wazi. Mimi nikawahi kalenda: siku hiyo mwezi unaandama, bamvua tupu, asubuhi zote uwanja. Nikasema tusogeze mpaka tarehe 27, mwezi utakuwa nusu. Akampigia mama yake Matombo, akaweka sauti ya nje.

"Tarehe 20 maji yanakwenda mbali?" Bibi akauliza.

"Mbali sana, mama."

"Basi ni hiyo hiyo. Mimi asubuhi nitakuwa shambani na wenzangu. Nyinyi wa kuogelea subirini alasiri."

Baba watoto akanitazama. Nikaandika tarehe 20.